Saluni za Chicago na Harlem Wakati wa Mdororo Mkuu, 1929–1941: Nani Aliyebaki na Wateja?

Mwaka 1938, miaka tisa baada ya soko la hisa la New York kuanguka, biashara iliyokuwa na maduka mengi kuliko zote mikononi mwa Weusi wa Chicago ilikuwa saluni za wanawake. St. Clair Drake na Horace Cayton, katika kitabu chao Black Metropolis kilichotoka mwaka 1945, wanataja saluni 287. Zilifuatwa na maduka ya vyakula 257, kisha maduka ya vinyozi 207. Kwa maneno mengine, katika mji ambao watu walikuwa wakipanga foleni kugaiwa supu, miongoni mwa maduka ya Weusi mahali pa kutengenezea nywele palikuwa pengi kuliko mahali pa kununulia unga.

Idadi hiyo imezoeleka kusomwa kama habari njema: wanawake Weusi wa Marekani walipata biashara isiyotikiswa na dhiki. Kampuni za wakati ule zenyewe zilieneza maneno hayo. Sara Spencer Washington, mwanzilishi wa kampuni ya Apex mjini Atlantic City, aliwatangazia wasichana kwamba kazi ya nywele ingewavusha katika mdororo. Mimi naisoma idadi hiyo kwa namna nyingine kidogo. Nakubali kwamba saluni zilijua kuwavuta wateja na kuwashika, na nitaeleza walivyofanya. Lakini nani alilipia ustadi huo? Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu.

Kwanza neno. Katika insha hii natumia msusi kwa upana, kwa kila mtu anayeishi kwa kutengeneza nywele za wanawake, hata kama hasuki. Wasusi ninaowazungumzia walikuwa hasa wakinyoosha nywele kwa mafuta na kitana cha chuma kilichopashwa moto. Kusuka kulikuwepo, ila kulihesabiwa kuwa mambo ya watoto na ya mashambani Kusini, walikotoka wengi wao.

Tuanze na mteja, kwa kuwa bila kumjua yeye hatuwezi kuelewa saluni. Mwaka 1933 takriban robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Kwa Weusi wa mijini hali ilikuwa mbaya zaidi, maana walikuwa wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa. Wanawake wengi Weusi waliofanya kazi za mshahara walikuwa watumishi wa nyumbani: kufua, kupika, kusugua sakafu za watu. Mnamo Novemba 1935, Ella Baker na Marvel Cooke waliandika katika jarida la The Crisis kuhusu pembe za mitaa ya Bronx ambako wanawake Weusi walisimama tangu asubuhi wakisubiri mama wa nyumbani Wazungu waje kuwachagua, kwa malipo ya senti chache kwa saa. Mahali hapo wakapaita soko la watumwa la Bronx, na hawakuwa wakitania.

Sasa mtu anayesimama kwenye pembe ile anahitaji nini? Chakula, bila shaka. Lakini anahitaji pia kuchaguliwa. Macho ya mwajiri yalianza kichwani, na mwanamke ambaye nywele zake zilionekana hazijatunzwa alihukumiwa kuwa mchafu au mvivu kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wanawake maskini walikuwa wakitapanya fedha kwa urembo. Pesa ile ilikuwa karibu sana na nauli: unailipa ili ufike kazini. Msusi aliyelielewa jambo hili hakuhitaji kumshawishi mteja kwamba nywele ni muhimu. Alihitaji tu kumwezesha kuja.

Na kuja kwenyewe kulikuwa na siku yake. Watumishi wa nyumbani walipewa mapumziko Alhamisi mchana, na Jumapili moja baada ya nyingine. Kwa hiyo Alhamisi saluni za Harlem zilifurika, na zilikaa wazi hadi usiku. Vivian Morris, aliyeajiriwa na mradi wa serikali wa kuwapa waandishi kazi wakati wa mdororo, aliandika kuhusu saluni hizo mwaka 1939. Kutokana na maandishi yake mtu anaona kwamba saluni hazikuwa za aina moja. Zilijigawa kufuatana na wateja: kulikuwa na zile za wasanii wa jukwaani, na kulikuwa na zile za watu waliohamia kutoka Kusini, ambako mteja alisikia habari za kwao, nani amefariki, nani ameoa. Wachuuzi nao waliingia humo na bidhaa zao, na mazungumzo yalikwenda kuanzia kazi mpaka siasa.

Jambo hili la saluni kuwa mahali pa kukaa lina maana ya kiuchumi ambayo ni rahisi kuipita. Mteja ambaye kutwa nzima huitwa kwa jina lake la kwanza na mtoto wa mwajiri, alipofika saluni aliitwa Bibi Fulani. Aliketi, na mtu mwingine akamhudumia. Katika wiki nzima hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya namna hiyo. Saluni jirani ikipunguza bei, je, angehama? Baadhi walihama. Lakini hakuna punguzo la senti kumi lililoweza kununua heshima ile, wala habari za nyumbani.

Mshindani mkali zaidi hakuwa saluni jirani. Alikuwa jiko la mteja mwenyewe. Kitana cha chuma kilipashwa moto kwenye jiko lolote, mafuta yaliuzwa dukani na kwa mawakala waliopita mlango kwa mlango, na kila mtaa ulikuwa na dada au shangazi mwenye mkono mwepesi. Fedha zilipoadimika, wengi walirudi huko. Sisi wa Kampala hatuhitaji kuelezwa sana. Serikali ilipofunga saluni Machi 2020 kwa sababu ya Korona, zilifunguliwa tena mwishoni mwa Julai, na katika miezi ile wasichana wengi tulikaa mkekani katikati ya magoti ya dada zetu tukasukwa biswahili. (Ndivyo Waganda wanavyoiita misuko ya kulala kichwani, na nimeshangaa kuona sisi wanafunzi wa Kiswahili hatujaandika lolote juu ya jina hilo. Mswahili wa pwani ana majina yake mwenyewe, kama vile twende kilioni, msuko wa harakaharaka wa mtu anayewahi msibani.) Saluni za Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, zilipofungua milango ziliwakuta wateja waliokwisha kugundua kwamba wanaweza kuishi bila wao.

Wasusi wa Chicago na Harlem walipambana na jiko kwa njia kadhaa. Walikopesha, wakaandika deni, wakangoja siku ya mshahara; na msusi aliyekopesha alikuwa amemfunga mteja, kwa sababu ni aibu kwenda kwa mwingine hali unadaiwa hapa. Walikwenda kanisani, wakajulikana katika vyama vya akina mama. Wengine wakaachana na pango la duka, wakakodi kiti ndani ya saluni ya mwenzao au wakafanyia kazi nyumbani kwao. Yaani waliingia jikoni wao wenyewe.

Njia ya kudumu zaidi ilikuwa kuuza kitu ambacho jiko halikuweza kutoa, na hapa jina la kutajwa ni Marjorie Stewart Joyner. Alizaliwa Virginia mwaka 1896, akasomea urembo Chicago, kisha akawa msimamizi wa shule za urembo za kampuni ya Madam C. J. Walker. Aliona kwamba nywele zilizonyooshwa kwa kitana hazikai: jasho kidogo au mvua kidogo, zimerudi. Siku moja akipika nyama, alitazama vijiti vya chuma vinavyochomekwa ndani ya pande la nyama ili liive sawasawa, akawaza nywele. Akatengeneza mashine yenye vijiti vingi vilivyoning'inia kutoka juu, vyenye umeme, vinavyotia nywele mawimbi ya kukaa siku kadhaa. Hataza yake ilitolewa tarehe 27 Novemba 1928, chini ya mwaka mmoja kabla ya mdororo. Haki za mashine zilikwenda kwa kampuni ya Walker, na Joyner mwenyewe hakufaidi karibu chochote kutokana nazo.

Ukifikiri vizuri, mashine hiyo inakwenda kinyume na akili ya kawaida ya biashara. Mfanyabiashara hutaka mteja arudi mapema. Joyner alimwezesha mteja achelewe kurudi. Lakini wakati wa dhiki mteja hapimi bei ya leo peke yake. Anaigawanya kwa siku. Mawimbi yanayokaa wiki, hata yakiwa ghali, ni nafuu kuliko kitana kinachoshindwa na mvua ya kesho. Msusi aliyepoteza ziara mbili za haraka alibaki na mteja mmoja wa uhakika. Hoja hii kila mwanafunzi wa Kampala anayechagua kati ya rasta za mwezi mmoja na nywele za kupigwa pasi anaijua bila kusoma historia.

Basi, njia zilikuwepo na zilifanya kazi. Sasa nirudi kwenye zile saluni 287.

Sensa ya mwaka 1930 ilihesabu Weusi wapatao 234,000 mjini Chicago. Tukichukua kwamba nusu yao walikuwa wa kike, na tukizigawa kwa saluni 287, tunapata takriban wanawake na wasichana 400 kwa kila saluni. Toa watoto, toa wazee wasiohangaika tena, toa wasio na senti, toa wanaojitengenezea nyumbani, kumbuka pia wasusi wa majumbani ambao hawakuhesabiwa kama duka, na kumbuka kwamba saluni moja ilikuwa na wasusi zaidi ya mmoja. Wanaobaki ni wachache mno. Hesabu yangu ni ya mkato, lakini inaonyesha jambo: saluni hazikuongezeka kwa sababu wateja waliongezeka. Ziliongezeka kwa sababu wanawake waliofukuzwa katika kazi nyingine hawakuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

Na mlango huo ulikuwa na mwenye kutoza kiingilio. Kampuni za Apex, Poro na Walker ziliuza mafuta, ndiyo, lakini ziliendesha pia shule, na serikali za majimbo zilipoendelea kudai leseni, cheti cha shule kikawa cha lazima. Msichana asiye na kazi alikusanya ada, akahitimu, akafungua chumba mtaa uleule wa mwalimu wake. Kwa shule huyo ni mafanikio. Kwa saluni ya pale mtaani ni mshindani mpya, ambaye jana alikuwa mteja. Sisemi kwamba kampuni hizo zilikuwa na nia mbaya, na zenyewe hazikuponea. A'Lelia Walker, binti wa Madam Walker, alifariki mwaka 1931 biashara ikiwa imedhoofika, na jumba lao la fahari, Villa Lewaro, likauzwa. Annie Malone wa Poro alihamia Chicago mwaka 1930 na kuandamwa na madeni ya kodi kwa miaka mingi. Hata hivyo, kuuza matumaini ya kazi kulikuwa rahisi kuliko kuuza huduma ya nywele, na wanaosifu biashara isiyotikiswa huchanganya mambo hayo mawili.

Ripoti ya Idara ya Kazi ya Marekani kuhusu wafanyakazi wa saluni, ya mwaka 1935, inanipa nguvu ya kusema hivi. Ilionyesha kwamba wasusi Weusi walifanya kazi saa nyingi kuliko Wazungu na kupata kidogo zaidi kwa wiki. Saa zile za Alhamisi usiku zilizomvuta mtumishi zilitoka katika usingizi wa msusi. Deni lililomshika mteja lilitoka mfukoni mwake. Heshima aliyopewa Bibi Fulani ilitolewa na mtu aliyekuwa amesimama tangu asubuhi. Kila mbinu niliyoieleza hapo juu ilikuwa na mlipaji, na mlipaji alikuwa yuleyule.

Kitu pekee ambacho msusi hakuweza kukitengeneza ni mshahara wa mteja. Huo ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Mnamo Juni 1941, baada ya A. Philip Randolph kutishia kuandaa maandamano makubwa ya Weusi kwenda Washington, Rais Roosevelt alitia saini amri ya kuzuia ubaguzi katika viwanda vya kivita. Vita vilipopamba moto, maelfu ya wanawake Weusi waliacha majiko ya watu wakaingia viwandani, na kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa na malipo ya wiki yanayoeleweka. Wapo wasusi walioacha viti vyao wakawafuata hukohuko, kwa sababu kiwanda kililipa kuliko kitana. Waliobaki saluni walianza kupata wateja ambao hawakulazimika tena kungoja Alhamisi.