Unavuka mpaka na gari lako? Kadi ya Njano haivuti gari bovu

Umepanga kutoka Nkome, Geita, na Noah yako na familia hadi Kampala kupitia Mutukula? Bima ndogo uliyokata Tanzania inaishia mpakani. Ukivuka unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye kadi hii bado imo.

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Kadi inalipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine, pamoja na matibabu ya dereva na abiria mkipata ajali. Injini ikifa Masaka saa nane usiku, kadi hailipi fundi wala gari la kuvuta. Hiyo ni juu yako.

Kabla hujalipia, muulize wakala:

• Bima yangu kubwa inafanya kazi nje ya Tanzania? Nchi zipi?
• Huduma ya kuvuta gari imo? Mwisho shilingi ngapi?
• Nikikwama usiku, nampigia nani?
• Nikilipa mwenyewe, narudishiwa kwa risiti?
• Kadi inataja kila nchi nitakayopita?

Majibu yawe kwenye maandishi, siyo "usijali bosi". Kisha hakiki bima yako kwenye mfumo wa TIRA kwa simu.

Kuvuta gari hakumo? Tenga pesa ya dharura, beba tairi ya akiba na kamba ya kuvutia, na gari lipite kwa fundi kabla ya safari. Ukienda Rwanda kupitia Rusumo, kumbuka kule wanaendesha upande wa kulia.