Kuta Zinazohubiri Murang'a



Tunaposherehekea jubilei ya kwaya yetu, tukumbuke kanisa moja la jirani lililojengwa wakati wa machozi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Ulaya ilijenga upya makanisa yaliyobomolewa. Kule Coventry, Uingereza, kanisa kuu jipya lenye madirisha makubwa ya vioo vya rangi liliwekwa wakfu mwaka 1962.

Huku kwetu vita vilikuwa vya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Ndugu alimwogopa ndugu. Wakristo waliokataa kiapo waliuawa. Wengi walioshukiwa kuwa Mau Mau wakafungwa kambini au wakauawa. Mwaka 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi la kanisa la kuwakumbuka Wakristo hao, Fort Hall, yaani Murang'a. Leo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote.

Humo Injili husimuliwa na kuta. Elimo Njau, kijana wa Tanganyika aliyesomea Makerere, alichora picha tano: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu ni Mwafrika, na nyuma yake ni nchi ya Agikuyu.

Kristo huyo hana upande. Wajukuu wa waliokula kiapo na wa waliokikataa wanaweza kusimama safu moja, soprano hadi besi. Tuimbe tukijua amani hiyo ilipatikana kwa gharama gani.

Katibu wa Kwaya