Upepo na Daraja la Tacoma

Binadamu huuogopa upepo wa kimbunga, ule uezuao mapaa na kung'oa minazi. Upepo wa siku zote haumshughulishi. Lakini upepo uliolivunja daraja la Tacoma Narrows, katika jimbo la Washington nchini Marekani, haukuwa kimbunga. Ulivuma kwa kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa.

Daraja hilo la kuning'inia lilifunguliwa tarehe 1 Julai, 1940. Kutoka mnara hadi mnara lilikuwa na mita 853, na upana wake ulikuwa mita 12 tu. Mhandisi Clark Eldridge alikuwa amependekeza mihimili ya kimo cha mita 7 na ushei, iliyo wazi ili upepo upite. Leon Moisseiff, bingwa aliyesifika sana zama hizo, akaleta mchoro wa gharama nafuu zaidi: mabamba ya chuma yasiyo na upenyo, kimo chake mita 2.4. Likawa daraja jembamba, jepesi, la kupendeza macho.

Hata kabla halijakamilika lilikuwa likipanda na kushuka kama mawimbi. Watu wakalibandika jina la utani, na wengine wakaja makusudi kulistarehea. Profesa F. B. Farquharson alichunguza mfano wake mdogo, akashauri mabamba yatobolewe au yawekewe vikinga upepo. Kazi hiyo haikuwahi. Asubuhi ya Novemba 7 daraja lilianza kujipinda, upande mmoja ukipanda na wa pili ukishuka, hata likakatika na kuanguka majini. Hakufa mtu, alikufa mbwa aliyekuwa ndani ya gari.

Kosa lilikuwa wapi? Wahandisi waliuhesabu upepo kama mzigo unaosukuma ukuta. Hawakuhesabu mwendo. Upepo ukigonga ubavu butu hukatika na kufanya visulisuli. Daraja jembamba likijipinda kidogo, hubadili namna upepo unavyolipiga, na upepo nao huzidi kulipinda. Hivyo daraja lenyewe likawa linauchochea upepo uliolimaliza.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Upepo uliliharibu daraja la Menai, huko Wales, mwaka 1839, na ukaliangusha lile la Wheeling, Marekani, mwaka 1854. John Roebling alilielewa somo hilo, akayakaza madaraja yake kwa uzito na nyaya za ziada. Vizazi vilivyofuata viliona madaraja yamesimama imara, vikasahau ni kwa nini yamesimama.

Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1950, likiwa na mihimili iliyo wazi ya kimo cha mita 10, na lingali linatumika. Siku hizi mifano ya madaraja marefu hupimwa kwanza kwa upepo wa maabara. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba wa Tacoma ulionekana kwa miezi minne, na watu wakaufanya mchezo.