Amina Ni ya Nani?

Hapa Lugulu sisi wa Kanisa la Marafiki hatuna padri. Yeyote aweza kusimama akaomba. Basi huwa twasema upesi kwamba kwa jirani zetu Wakatoliki padri ndiye aombaye, watu hutazama tu. Zamani ilionekana hivyo: Misa kwa Kilatini, wengi wakishika rozari, na mtumishi wa altare akiitikia kwa niaba ya wote.

Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao Askofu Maurice Otunga, mzaliwa wa Chebukwa huku Bungoma, alihudhuria, uliagiza waamini washiriki kwa kuelewa. Lugha za watu zikaruhusiwa. Sala ya Waamini, iliyoachwa kwa karne nyingi, ikarudishwa, na humo walei huombea Kanisa, serikali na wenye shida.

Sala ya Ekaristi bado huisema padri. Hata hivyo husema "sisi", si "mimi", na mwisho watu wote ndio huitikia Amina. Paulo naye aliwauliza Wakorintho: asiyeelewa ataitikiaje Amina? Nami, ndugu zangu, nimewahi kuketi ibadani, mzee akituombea kwa lugha niijuayo tangu utotoni, mawazo yangu yako shambani kwenye mahindi. Nikaitikia Amina kwa sauti kuu.