Shaka na Maelezo: Hadithi za Kutisha za Enzi ya Victoria kwenye Televisheni

Enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (1837–1901) iliacha hazina ya hadithi za kutisha ambayo televisheni haijachoka kuichota. Mzuka wa reli wa Charles Dickens (1866), mnyonya damu wa kike wa Sheridan Le Fanu (1872), daktari mwenye nafsi mbili wa Robert Louis Stevenson (1886), Dracula wa Bram Stoker (1897) na mizuka ya Henry James (1898) wote wamefika kwenye skrini, baadhi yao zaidi ya mara moja. Sababu za kibiashara ziko wazi: hakimiliki za kazi hizo zimekwisha, na majina yake yanajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuvifungua vitabu vyenyewe. Mjadala kuhusu uhawilishaji huu huzunguka mno swali la uaminifu: je, mtunzi wa tamthilia amekifuata kitabu au amekiacha? Makala hii inashikilia kwamba swali hilo halifiki kwenye kiini. Kuihamisha hadithi kutoka karne ya 19 hadi ya 21, au kumbadilisha mhusika jina na jinsia, hakuiondolei utisho. Kinachouondoa ni maelezo. Hadithi bora za kutisha za enzi ile zilijengwa juu ya shaka, na tamthilia ya vipindi vingi hujikuta ikilazimika kuijibu shaka hiyo.

Ushahidi usiothibitisha

Waandishi wengi wa enzi ya Victoria waliepuka kumkabidhi msimulizi mmoja anayejua yote kazi ya kusimulia maajabu. Walipendelea hati: shajara, barua, wasia, maungamo. Katika Dracula, Jonathan Harker anaandika shajara yake kwa hatimkato, Dkt. Seward anazungumza kwenye fonografu, na gazeti linaripoti habari za meli iliyoingia bandari ya Whitby huku nahodha wake akiwa maiti iliyofungwa kwenye usukani. Mina Harker anapiga taipu karatasi zote na kuzipanga kwa tarehe. Dracula mwenyewe hapewi hata ukurasa mmoja wa kujieleza. Baada ya kazi yote hiyo, riwaya inamalizika kwa kukiri kwamba kilichobaki ni rundo la nakala za taipu, ambazo mtu yeyote makini angesita kuzipokea kama ushahidi.

Henry James alikwenda mbali zaidi. Katika The Turn of the Screw, hati ya mwalimu wa nyumbani asiyetajwa jina inasomwa mbele ya wageni waliokusanyika kuota moto wakati wa Krismasi, miaka mingi baada ya mwalimu huyo kufariki. Hati inadai kwamba aliiona mizuka ya mtumishi Peter Quint na ya Miss Jessel, mwalimu aliyemtangulia. Hakuna mtu mwingine katika nyumba ile anayekiri waziwazi kuiona. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alitoa hoja kwamba mizuka hiyo ni zao la akili ya mwalimu mwenyewe. Wengine walimpinga, na ubishi huo haujaisha mpaka leo, kwa kuwa kila tukio katika hati linaweza kusomwa kwa njia zote mbili.

Hapa linazuka tatizo la kiufundi. Msomaji huambiwa kwamba mtu fulani ameuona mzuka, na kati ya macho ya mhusika na akili ya msomaji yamesimama maneno, ambayo yanaweza kukosea au kudanganya. Kamera haina pazia hilo. Ikionyesha uso dirishani, mtazamaji naye ameuona uso dirishani. Mwongozaji anaweza kudokeza kwamba picha hiyo inatoka kichwani mwa mhusika, lakini mtazamaji huamini anachokiona mpaka apewe sababu ya kutoamini. Kila mhawilishaji wa hadithi hizi huanza kazi akiwa na upungufu huu, na kazi yake hupimwa kwa namna anavyoufidia.

Faida ya ufupi

Kati ya mwaka 1971 na 1978, BBC ilirusha mfululizo ulioitwa A Ghost Story for Christmas, filamu fupi moja kila mwaka, nyingi zikitokana na hadithi za M. R. James. Mwaka 1976 ilikuwa zamu ya Dickens: The Signalman, iliyoandikwa na Andrew Davies na kuongozwa na Lawrence Gordon Clark, ambaye ndiye aliyeongoza sehemu kubwa ya mfululizo huo. Filamu haifikishi dakika 40, na karibu mzigo wote unabebwa na wanaume wawili, kibanda cha mlinzi wa ishara za reli, na mdomo wa handaki.

Dickens aliiandika hadithi hiyo baada ya yeye mwenyewe kunusurika katika ajali ya treni ya Staplehurst, tarehe 9 Juni 1865, ambamo watu 10 walikufa. Hofu ya mlinzi wa ishara ni hofu ya kazi. Mzuka humtokea kabla ya kila maafa, lakini haumwambii maafa gani wala yatatokea wapi. Akipiga simu ya maandishi kutangaza hatari, hana cha kueleza, na wakubwa wake watamwona mwendawazimu. Akinyamaza, watu watakufa. Denholm Elliott anamwigiza mlinzi huyo kama mtumishi mwadilifu anayeteswa na wajibu asioweza kuutimiza. Filamu inauonyesha uso wa mzuka kwa muda mfupi, lakini haisemi ni wa nani, umetoka wapi, wala kwa nini umemchagua mtu huyu. Muda wenyewe haukuruhusu. Ufupi, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kikwazo cha bajeti, hapa unafanya kazi ya kisanaa: unamzuia mwandishi asijibu maswali ambayo Dickens aliyaacha wazi.

Utamaduni huo ulifufuliwa mwaka 2005, na baadaye ukaendelezwa na Mark Gatiss. Mwaka 2023 alihawilisha Lot No. 249, hadithi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892 kuhusu mwanafunzi wa Oxford anayeihuisha maiti ya Misri ya kale iliyokaushwa. Filamu hiyo ina urefu wa takriban nusu saa. Hata pale ambapo jitu lenyewe linaonekana, ujuzi uliolihuisha unabaki mikononi mwa mwanafunzi mmoja na haufafanuliwi.

Siri ambayo kila mtu anaijua

Kazi ya Stevenson ina ugumu wa aina yake. Mwandishi huyu, ambaye wasomaji wa Kiswahili walimfahamu kupitia tafsiri ya Kisiwa Chenye Hazina, alikitunga kitabu cha Jekyll na Hyde kama fumbo. Kitabu kina sura 10. Kwa sura nane msomaji wa mwaka 1886 aliandamana na wakili Utterson akijiuliza kwa nini daktari mwenye heshima zake amemrithisha mali mtu katili aitwaye Hyde. Jibu lilihifadhiwa kwenye hati mbili za mwisho. Lakini mwaka 1887 mwigizaji Richard Mansfield aliwaigiza wawili hao jukwaani, akigeuka mbele ya hadhira, na tangu hapo siri ikawa mali ya umma. Mhawilishaji wa leo hana fumbo la kufumbua. Lazima atafute shaka mahali pengine.

Tamthilia ya Jekyll ya BBC (2007), iliyoandikwa na Steven Moffat kwa sehemu sita, iliipata kwa muda. Tom Jackman, mtu wa London ya leo, anajua tangu mwanzo kwamba anaishi katika mwili mmoja na mtu mwingine. Asichokijua ni kile ambacho mwenzake amefanya usiku. James Nesbitt anaigiza nafsi zote mbili kwa mabadiliko madogo sana ya sura, na mtazamaji anahisi tofauti bila kuweza kuitaja. Uamuzi huo unamkaribia Stevenson kuliko mameno na manyoya ya filamu za zamani, kwa sababu katika kitabu kila anayekutana na Hyde huchukizwa naye, lakini hakuna anayeweza kuitaja kasoro ya mwili wake. Hata hivyo, kadiri sehemu zinavyosonga, shirika kubwa linajitokeza likimwinda Jackman, nasaba yake inachunguzwa, na hatimaye chanzo cha Hyde kinafunuliwa: hapakuwa na dawa yoyote, ila mapenzi. Shaka ya sehemu za mwanzo inageuka kuwa msako wenye jibu mwishoni.

ITV ilikwenda njia nyingine mwaka 2015 kwa Jekyll and Hyde ya Charlie Higson, ikiwa na mjukuu wa daktari katika miaka ya 1930, mashirika ya siri yanayopambana, na mazimwi ya kila namna. Mamia ya watazamaji walilalamika kwamba ilikuwa ya kutisha mno kwa saa za mapema za jioni, na haikupewa msimu wa pili. Kifasihi, kasoro yake ilikuwa kwingine: ulimwengu uliojaa mazimwi humfanya Hyde awe mmoja tu kati ya wengi.

Vipindi vingi, majibu mengi

Ulinganisho wa Dracula mbili za BBC unaonyesha vizuri kwamba uaminifu si kipimo. Count Dracula ya Desemba 1977, yenye takriban saa mbili na nusu, husifiwa kwa kukifuata kitabu, ingawa nayo iliwafanya Mina na rafiki yake Lucy kuwa ndugu na kuwaunganisha wachumba wawili wa Lucy kuwa mtu mmoja. Louis Jourdan alimwigiza mhusika mkuu kwa utulivu wa mwungwana, na hati ya tamthilia haikumpa historia wala majuto. Nguvu ya toleo hilo inatoka kwenye ukimya huo.

Dracula ya Moffat na Gatiss, iliyorushwa kwa siku tatu mfululizo Januari 2020, inakiacha kitabu kwa ujasiri, lakini sehemu yake ya kwanza inaielewa mbinu ya Stoker kuliko matoleo mengi. Harker, akiwa mgonjwa katika nyumba ya watawa, anahojiwa na Sista Agatha, ambaye baadaye anatambulika kuwa ndiye Van Helsing, mwindaji wa Dracula katika kitabu. Ushahidi wa maandishi umegeuzwa mahojiano, na mtazamaji anajifunza kuutilia mashaka. Sehemu ya tatu inahamia London ya 2020, na wengi waliilaumu kwa sababu hiyo. Lawama haikulenga panapostahili. Kinachoidhoofisha ni hitimisho, ambamo woga wa Dracula kwa msalaba na jua unaelezwa kuwa ni woga wa mauti uliovikwa desturi, na jua linathibitika halimdhuru. Nadharia hiyo ina akili, lakini ikishatajwa humgeuza Dracula kuwa mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa ugonjwa wake.

Mike Flanagan, katika The Haunting of Bly Manor (Netflix, 2020), alikuwa na vipindi tisa vya kujaza kwa The Turn of the Screw, hadithi ambayo si ndefu. Aliihamishia mwaka 1987 na kuichanganya na hadithi nyingine za Henry James, ikiwemo The Romance of Certain Old Clothes ya mwaka 1868. Kipindi cha nane kinatumika karibu chote kueleza mzuka wa ziwani ulianzaje na kwa nini wafu wa Bly hawawezi kuondoka. Kuanzia hapo mizuka ina kanuni, na chenye kanuni kinaweza kukabiliwa. Kipindi chenye nguvu zaidi ni cha tano, ambamo mtunza nyumba Hannah Grose anatangatanga katika kumbukumbu zake bila kuelewa kwamba ameshakufa. Kwa saa moja mtazamaji anarudishiwa hali ya msomaji wa James: hajui aamini picha ipi.

Historia za nani

Hoja hii ina upande wa kisiasa. Penny Dreadful ya John Logan (2014–2016), yenye vipindi 27, iliwakusanya Dracula, Dorian Gray, Dkt. Jekyll na Frankenstein wa 1818 katika London ya miaka ya 1890, na kumpa karibu kila mmoja historia ndefu ya jeraha. Anayebaki bila maelezo ni Sembene, mtumishi Mwafrika wa mpelelezi Sir Malcolm Murray, ambaye maisha yake yanaguswa kidogo tu kabla ya kufa katika msimu wa pili. Msimu wa tatu unamkuta Sir Malcolm Zanzibar, mwaka 1892, miaka miwili baada ya visiwa kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mji huo wa biashara na usomi unapita haraka kama mandhari ya kigeni. Mhakiki Stephen Arata alionyesha mwaka 1990 kwamba Dracula ilibeba hofu ya Waingereza ya kufanyiwa na wageni yale ambayo wao waliwafanyia wengine. Tamthilia inayowapa mazimwi wa Ulaya historia na kumnyima Mwafrika yake inaonyesha kwamba kunyamaza nako kuna aina mbili. Kuna ukimya unaomwachia msomaji swali, na kuna ukimya wa mwandishi ambaye swali halikumjia.

Mipaka ya hoja

Inaweza kupingwa kwamba urefu haukuletwa na televisheni. Enzi ya Victoria yenyewe ilipenda mfululizo: Varney the Vampire iliuzwa kwa vijitabu vya bei nafuu kati ya 1845 na 1847, na jina la tamthilia ya Logan limetokana na vijitabu vya aina hiyo. Hilo ni kweli, lakini mifululizo hiyo iliendeshwa kwa matukio, na wasomaji waliinunua ili kujua nini kitafuata. Hadithi za shaka zilikuwa kwa kawaida fupi, au riwaya ambazo taarifa zake ziligawanywa kwa ubahili kati ya mashahidi.

Inafaa pia kukubali kwamba maelezo huzaa mema yake. Bly Manor ni tamthilia nzuri ya maombolezo, na Jekyll ni tamthilia nzuri ya msako. Zimeacha utanzu mmoja na kuingia mwingine, na haki ni kuzihukumu kwa utanzu zilioingia. Kwa mhawilishaji anayetaka kubaki ndani ya utisho, njia mbili zimethibitika: kuchagua umbo fupi, kama lile la 1976, au kuhakikisha kwamba anachokionyesha kinabaki kuwa neno la shahidi anayeweza kuwa amekosea, kama katika mahojiano ya Sista Agatha na kumbukumbu za Hannah Grose.