Ujana wa Sindano

Tarehe 1 Juni 1889 mzee wa miaka 72 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake wa Chama cha Biolojia mjini Paris, akawaeleza habari za mwili wake mwenyewe. Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa kisiwa cha Morisi na bingwa wa elimu ya neva aliyeheshimika pande zote za Atlantiki, alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za simbilisi. Nguvu zimerudi, alisema: anapanda ngazi mbio, anasimama maabara saa nyingi bila kuchoka, na hata mkojo wake unafika mbali kuliko zamani. Umbali huo aliupima.

Wapo waliomcheka, lakini wateja hawakungoja kicheko kiishe. Kabla ya mwaka huo kwisha, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwachoma wazee sindano za namna hiyo. Na ndani ya maji yale hamkuwa na kitu cha maana. Korodani haziweki akiba ya homoni. Huitengeneza na kuiachia damuni papo hapo. Tena homoni hiyo karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Mzee alisisimka kwa imani yake tu.

Hata hivyo wazo lake lilikuwa na mizizi. Mwaka 1849, huko Göttingen, Arnold Berthold aliwahasi majogoo wachanga, kisha baadhi yao akawapandikizia korodani tumboni. Waliopandikizwa walikua na upanga mwekundu kichwani, wakawika, wakapigana na kuwafuata mitetea. Waliobaki mahasi walinyong'onyea. Kwa kuwa korodani iliyopandikizwa haikuwa na neva zake za awali, Berthold aliona kwamba kuna kitu kinachosafiri kwa njia ya damu. Jina la kitu hicho lilichelewa miaka 86, na katika pengo hilo waliingia wafanyabiashara.

Aliyeng'ara kuliko wote ni Serge Voronoff, mpasuaji mzaliwa wa Urusi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Misri, akawaona matowashi, akahitimisha kuwa wanazeeka mapema kwa kukosa tezi zao. Tarehe 12 Juni 1920, mjini Paris, alimpandikizia mwanamume vipande vya korodani za nyani. Mamia ya matajiri walimfuata. Ili asipungukiwe na vipuri, alifuga nyani kwenye ngome yake Grimaldi, mpakani mwa Italia na Ufaransa. Sokwe aliyenaswa katika misitu ya Afrika akasafirishwa baharini ili tajiri wa Ulaya ajione kijana. Sijui kama ipo picha inayouchora ukoloni vizuri kuliko hiyo. Leo tunajua kinga ya mwili haipokei nyama ya mnyama mwingine hivihivi: kipande kilikufa, likabaki kovu.

Vienna, Eugen Steinach alibuni upasuaji wa kufunga mirija ya mbegu akiahidi ujana uleule. Sigmund Freud alifanyiwa mwaka 1923, mshairi W. B. Yeats mwaka 1934. Kansas nako John Brinkley alipachika korodani za mbuzi kwa dola 750, akajitangaza kwa redio yake mwenyewe, na mwaka 1930, baada ya kunyang'anywa leseni ya udaktari, akakaribia kuwa gavana. Msomaji wa Pwani asiwacheke upesi. Supu ya pweza ya jioni huuza tumaini hilohilo, ila kwa bei nafuu na ladha bora zaidi.

Kemia ilifika ikiwa na ndoo mkononi. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alichuja lita 15,000 za mkojo wa polisi wa Berlin akapata miligramu 15 za homoni mojawapo ya kiume. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilitoa miligramu 10 za homoni ya korodani yenyewe kutoka kilo 100 za korodani za fahali, likaiita testosteroni. Mwaka huohuo Butenandt, na Leopold Ruzicka huko Zurich, waliweza kuitengeneza maabara, na fahali wakapumua.

Sasa dawa ilikuwepo, na kwa waliozaliwa bila korodani timamu au walioumia ilikuwa neema ya kweli. Lakini hao ni wachache, na kiwanda hakishibi kwa wachache. Wanaume wanaozeeka ndio wengi: homoni yao hushuka polepole, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka. Breki ilikuwa hofu. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kuwa saratani ya tezi dume hunywea mgonjwa akihasiwa, na kwa nusu karne madaktari walisita kuwapa wazee homoni hiyo.

Breki ililegea mwaka 2000 ilipoingia jeli ya kupaka begani. Kati ya 2001 na 2011 matumizi Marekani yaliongezeka mara tatu miongoni mwa wanaume waliovuka miaka 40, na robo ya walioanza hawakuwa wamepimwa damu mwaka uliotangulia. Tena ubongo ukikuta homoni ya dukani huacha kuziamuru korodani, na uzalishaji wa mbegu hudorora.

Kupima kwa dhati kulikuja mwisho. Mwaka 2016 majaribio ya wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wenye homoni pungufu, yaliona hamu ya tendo la ndoa ikipanda kiasi. Uchovu haukuondoka kwa namna ya kuonekana. Mwaka 2023 utafiti wa TRAVERSE, wa wanaume zaidi ya 5,000 walio katika hatari ya maradhi ya moyo, haukuona ongezeko la shambulio la moyo wala kiharusi, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilizidi kidogo. Mwaka uliofuata, kutoka utafiti huohuo, ikatoka habari ambayo wengi hawakuitarajia: homoni inayojulikana kwa kukoleza mifupa iliambatana na mivunjiko mingi zaidi, asilimia 3.5 dhidi ya 2.46 kwa waliopaka jeli tupu.