Watu wa Tendi na Majina Tunayowapa

Katika vitabu vya uhakiki tunavyovitumia madarasani, mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba wahusika wa kazi ya fasihi wamegawanyika katika mafungu mawili makubwa. Yuko mhusika bapa, asiyebadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Na yuko mhusika duara, anayekua na kugeuka kadiri mambo yanavyomfika. Kisha huongezwa bapa-sugu, bapa-vielelezo na wahusika wasaidizi. Mgawanyo huu una manufaa yake, wala hatukusudii kuufuta. Lakini unapopelekwa kwenye tendi za kale bila tahadhari, hutoa hukumu moja tu: shujaa ni bapa, mfalme ni bapa, msaliti ni bapa, basi mtunzi hakuwa hodari. Makala haya yanataka kuonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki, na kwamba ushairi wa kale wa Waingereza, ulio mbali nasi kwa lugha na imani, waweza kutusaidia kuona kosa liko wapi.

Asili ya istilahi

Yafaa kwanza tuulize istilahi hizi zimetoka wapi. Majina ya bapa na duara yanatokana na mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, E. M. Forster, aliyeyaeleza katika mihadhara yake ya Cambridge, iliyochapishwa kitabu mwaka 1927. Forster alikuwa akizungumza juu ya riwaya, yaani maandishi ya nathari ambayo mtu huyasoma peke yake, kimya kimya, akifuata mawazo ya ndani ya mhusika. Hakuwa akizungumza juu ya utungo wa beti mamia, unaoimbwa mbele ya hadhira inayokijua kisa kabla hakijaanza.

Waswahili wenyewe waliuitaje utungo huo? Waliuita utendi, na upande wa kusini utenzi. Neno hili ni jamaa wa kitenzi kutenda. Jina lenyewe basi latuambia tutazame nini: matendo. Na ajabu ni kwamba Ulaya ya zama za kati ilikuwa na fikira hiyohiyo. Neno la Kilatini gesta, lenye maana ya mambo yaliyotendwa, ndilo lililowapa Wafaransa jina la nyimbo zao za mashujaa, na Waingereza nao wakalipokea kwa maana ya hadithi ya matendo makuu. Watu wawili wasiojuana wamekitaja kitu kimoja kwa jina moja. Katika utungo wa namna hii mtu hajulikani kwa kuwaza bali kwa kutenda, na anayemtafuta moyoni tu atarudi mikono mitupu.

Umbo na sababu yake

Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari, kinachorudi katika kila ubeti hadi tamati. Mtunzi huanza kwa jina la Mungu na sifa za Mtume, na mara nyingi huagiza karatasi na wino; mwishoni hutaja jina lake, na pengine tarehe na idadi ya beti. Ushairi wa kale kabisa wa Kiingereza haukujengwa juu ya vina. Kila mstari ulikatwa vipande viwili, na vipande hivyo vikafungwa pamoja kwa sauti zinazofanana mwanzoni mwa maneno. Utungo wa Beowulf, uliohifadhiwa katika hati moja tu ya karibu na mwaka 1000, una mistari 3,182 ya namna hiyo. Hauna hata anwani katika hati yake. Jina tunalolitumia ni la wataalamu wa baadaye.

Maumbo haya mawili yametofautiana, lakini yamekidhi haja moja, ya kusaidia sikio na kumbukumbu. Haja hiyohiyo ndiyo iliyoleta wahusika wa aina zinazojulikana. Msikilizaji hawezi kufungua ukurasa wa nyuma kuuliza huyu ni nani. Akisikia mfalme, msaliti, mama au mjumbe, amekwisha kumweka mahali pake. Kwa hiyo ni afadhali tuseme kwamba katika tendi aina ya mhusika ni kiti. Kiti kimewekwa na mapokeo. Kazi ya mtunzi ni kumkalisha mtu juu yake na kumwonyesha akitenda.

Kiti kimoja, watu wawili

Tuchukue kiti cha mfalme. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani sana, mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo kwa nguvu zake, anamfunga, na hatimaye anamtafutia mauti kwa hila. Katika Beowulf, mfalme mzee Hrothgar ameonewa miaka kumi na miwili na zimwi Grendel. Mgeni mwenye nguvu anapofika, anamkaribisha ukumbini na kumzawadia. Wote wawili wanakutana na mtu aliyewazidi nguvu. Mmoja aona msaada, mwingine aona hatari. Katika tofauti hiyo ya matendo mna fundisho zima la utawala, na neno bapa haliligusi.

Kiti cha msaliti nacho kina siri yake. Msaliti wa tendi si adui wa mbali. Ni mtu wa nyumbani. Mwana wa Liyongo anaahidiwa binti wa mfalme, anamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua, kisha anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Hakupata alichoahidiwa, na mwisho wake ukawa mbaya. Katika utungo wa Kiingereza wa karibu na mwaka 1400 juu ya kifo cha mfalme Arthur, msaliti ni Mordred, jamaa yake aliyeachiwa amana ya nchi. Mordred huyo anamwua Gawain vitani, kisha analia juu ya maiti yake. Mtunzi hakumwondoa katika kiti cha usaliti. Amemtoa machozi akiwa amekikalia.

Tutazame pia mama. Mama wa Liyongo anamwoka mwanawe mkate wa makapi wenye tupa ndani yake, na kijakazi Saada anaupeleka gerezani pamoja na chakula kizuri. Walinzi wanakula kizuri na kuuacha mkate wa makapi umfikie mfungwa, naye akaikata minyororo huku kelele za ngoma zikiificha sauti ya tupa. Baada ya kufa, Liyongo alibaki amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji; mama yake akaja kumbembeleza maiti. Katika Beowulf yuko mama mwingine, mama wa Grendel, anayetoka majini kulipiza kisasi cha mwanawe. Mmoja ni mama wa shujaa, wa pili ni mama wa zimwi. Uchungu ni mmoja. Mtunzi asiyejua watu hawezi kuyafanya hayo.

Alama ya mtu mwenyewe

Msomaji atauliza: je, viti hivi havimfichi mtu? Jibu tunalipata kwa Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Mahujaji wake wa Canterbury wengi wao hawana majina. Wanaitwa kwa kazi na vyeo: askari mtukufu, msaga nafaka, mtawa. Hivyo ni viti vya jamii ya wakati wake. Lakini msaga nafaka ana chunjua puani lenye nywele, na yule mwanamke wa Bath ana pengo na sikio zito. Alama moja yatosha kumtenga mtu na wenziwe wote waliopata kukikalia kiti chake.

Tendi zafanya hivyohivyo, ila alama yake mara nyingi iko katika tendo. Liyongo aliyewashinda walinzi kwa mkate ni yuleyule asiyeweza kumnyima mwanawe jibu. Hapo ndipo shujaa anapotengana na mashujaa wengine.

Viti vya kale, vita vipya

Tusidhani kwamba jambo hili ni la hadithi za kale tu. Mtume alikwenda Tabuk mwaka 630 na kurudi bila mapigano. Lakini Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo wa Athumani, unasimulia vita vikuu na Kaisari Herekali. Mtunzi hakuandika kumbukumbu za serikali. Viti vya shujaa na adui vilidai vita.

Baadaye Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, alitumia bahari na viti hivyohivyo kusimulia vita vya Wadachi pwani ya Mrima, mambo ya wakati wake mwenyewe. Abushiri, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, aliingia katika ushairi kwa mlango uliofunguliwa na mashujaa wa zamani. Dola iliyomnyonga ndiyo iliyofika Usumbura katika miaka ya 1890, pamoja na askari na wapagazi waliosema Kiswahili. Kwa hiyo sisi wa Buyenzi hatusomi habari za ugenini tusomapo utenzi huo. Twasoma sura ya kwanza ya habari zetu.

Na hapa ndipo penye uzito. Mtoto wa Buyenzi husikia mara nyingi kwamba Kiswahili chake ni lugha ya soko na gereji, isiyo na mambo ya kale. Tukimpa utendi na papo hapo tukamfundisha kuandika kwamba watu wake wote ni bapa, tumeithibitisha dharau hiyo kwa mikono yetu.

Twapendekeza basi kwamba mwalimu, kabla ya kutaja bapa na duara, awape wanafunzi maswali matatu: Mtu huyu amekalishwa kiti gani? Ametenda nini juu yake? Ni alama gani inayomtenga na waliokikalia kabla yake? Aanze na wanayemjua, kama Samandari wa masimulizi ya Kirundi, mcheshi anayethubutu kuwakejeli wakubwa. Kisha awapeleke kwa Liyongo, na wakikomaa, kwa Gawain na Beowulf. Kwa njia hiyo istilahi itakuwa taa ya kumulikia utungo.